Dawa ya Simbilisi, Dawa ya Mama

Jumanne, 3 Juni
Nimefungua visahani maabarani asubuhi. Bakteria niliowatoa kwa simbilisi wa kitoweo, wale mfano wa sungura wadogo, waliokufa bandani kwa Wifi Eudocia wametapakaa hadi ukingoni. Jana nilipanga juu yao viduara vitano vya karatasi, kila kimoja na dawa yake. Vinne bakteria wamevikumbatia kana kwamba ni vipande vya gazeti tu! Kimoja tu kimewaua na kuacha uwazi. Salmonela sugu. Na Mama analala chumba kinachopakana na banda hilo. Ana homa tangu Jumapili.

Nimempigia wifi. Unawapa nini? Vitamini tu, kasema, ile poda ya Casimiro anayetuuzia chakula cha mifugo. Nisomee pakiti. Kasoma. Vitamini gani! Antibiotiki, tena kali.

Jumatano, 4 Juni
Mama amelazwa. Wamemtundikia dripu — dawa ya ukoo uleule wa poda! Nimemwonyesha daktari wa zamu majibu yangu. Akacheka. "Dada, hapa tunatibu watu. Majibu ya simbilisi wapelekee simbilisi."

Basi pimeni damu ya Mama! Damu wameshaiotesha, kasema, bakteria wameota, ila viduara vya kupimia vimewaishia. Vimewaishia! Hospitali nzima!

Bosi wangu, Daktari Urteaga, ndiye kanimaliza. Damu ya binadamu haiingii maabara ya mifugo. Na majibu ya simbilisi niyafiche hadi maonyesho ya mifugo ya Jumapili yapite, la sivyo mji mzima wa Cajamarca utasusa nyama yao. Nimesaga meno hadi taya linauma.

Alhamisi, 5 Juni
Nimeiba viduara kazini. Ndiyo, nimeiba. Nimevitia kwenye chombo cha barafu, nikampelekea Jacinta wa maabara ya hospitali. Hakuniuliza kitu. Kavaa glovu, kavipanga palepale juu ya bakteria wa Mama.

Ijumaa, 6 Juni
Vilevile! Vinne bure, kimoja uwazi. Daktari wa zamu leo hakucheka. Kabadilisha dripu bila kunitazama usoni. Hata pole hakuna.

Jumamosi, 7 Juni
Homa imeshuka kidogo. Mama ameomba supu ya viazi, kisha akalalamika haina chumvi. Nilitoka wodini nikilia kwa furaha.

Nikapitia kwa kaka kumchukulia Mama blanketi. Wifi nikamkuta bandani, bomba la sindano mkononi, simbilisi kambana kwapani.

"Casimiro kaleta dawa mpya. Anasema ile ya zamani wameshaizoea."

Nikageuza chupa. Nikasoma lebo. Ya ukoo mmoja na ile inayoingia mwilini mwa Mama sasa hivi! Ile moja iliyobaki! Nilipiga kelele hadi majirani wakachungulia. Nikamwambia: ukiwazoesha bakteria na hii, atakayeugua kesho tutamtibu na nini? Maji ya moto?

Naye akanijibu kwa ukali: "Wifi, wewe una ajira. Mimi nina hawa tu. Wanakufa, nikae nawatazama?"

Hakukosea. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Nimempokonya boksi zima la chupa, nikamsukuma nje, nikatia komeo kwa ndani. Naandika nimelikalia. Simbilisi wanalia miguuni pangu, wengine wamelegea kabisa. Wifi anagonga mlango kwa ngumi. Sasa nasikia na sauti ya Casimiro, mpole kama padri: fungua, Nélida, tuongee kama watu wazima.

Sifungui.

Kaka naye amefika. Anauliza nyundo iko wapi.