Boksi Lako la Bijoya

Ghurni,
Krishnanagar.
8 Oktoba 2025

Mpendwa mdogo wangu Bultu,

Salamu kwanza, kwa sababu hata mwenye hasira ana adabu zake. U mzima? Mkeo Paromita hajambo? Na lile jino, umeling'oa au bado unalibembeleza? Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri, ila vifundo vya vidole vimemvimba tena tangu mvua hizi za mwisho. Shemeji yako anakohoa na kukataa dawa, kama kawaida yake.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu utanikatiza kwa mizaha, nami nitacheka, na nikishacheka hasira inaniponyoka. Safari hii sitaki iniponyoke. Umenikasirisha, Bultu. Umenikasirisha mpaka shemeji yako amejifunza kunywa chai bila kuuliza sukari iko wapi.

Ulimwambia Mama utajaribu kuja kwa sikukuu ya Bijoya. Wewe ulisema "nitajaribu" kama watu wa ofisini wanavyosema. Mama alisikia kwamba tiketi unayo mkononi. Siku ile ile alianza kukuna nazi. Unajua vitufe vyetu vya naru huviringwa nazi na sukari guru vikiwa bado vinafuka moto, vikipoa havishikani. Anapaka samli viganjani, anaviringa, anapuliza vidole, anaviringa tena. Nilimwambia aniachie. "Za kwako zina pembe," akanijibu. Kisha akatenga zile kubwa kwenye sahani ya shaba. "Hizi za Bultu, mtu asiziguse."

Jioni ya Bijoya, baada ya sanamu ya mungu wetu Mama Durga kuzamishwa mtoni, mtaa mzima ulimiminika barabarani kama kila mwaka. Wadogo wanainama kugusa miguu ya wakubwa, wakubwa wanawabariki na kuwatia utamu mdomoni. Hata Bimal na kaka yake, waliosusiana kwa ajili ya ukuta wa choo, walikumbatiana mbele ya watu na kulishana vitamu vya sandesh huku wanalia. Kwetu waliingia watu na kutoka, na Mama hakuondoa macho mlangoni.

Mlango ulipogongwa tena, aliinuka kabla yangu, na magoti yake yale. Nje alisimama mtu wa pikipiki, helmeti kichwani, boksi mkononi lenye utepe wa dhahabu. "Mzigo wa Bijoya, Mama. Kutoka kwa mwanao, Pune."

Mama alilitazama boksi, akalitazama tena. Nilidhani atalia. Akalipokea, akanipa mimi kama mtu anayetoa takataka, kisha akamwambia yule mtu, "Ingia."

"Hapana, Mama, nina mizigo mingine."

"Mzigo hauna njaa. Wewe umekula?"

Yule mtu akacheka kwa haya. Simu yake ilikuwa inalialia mfukoni.

"Bijoya leo, mwanangu. Hatoki mtu kwangu na mdomo mkavu. Vua hilo sufuria kichwani, kanawe."

Akavua, akanawa, akakaa ukingoni mwa kiti. Jina lake Sariful, kwao ng'ambo ya mto Jalangi. Mama alimletea sahani ya shaba. Ndiyo, ile ile. Nilimkonyeza, akajifanya haoni. Yule mtu alikula taratibu, kwa heshima. Alipomaliza akasema, "Mama, hizi zimeviringwa zikiwa moto. Mama yangu pia huungua hivi hivi kwa ajili yetu siku ya Idi." Kisha akaweka helmeti chini, akainama, akamgusa Mama miguu. Mama alimwekea mikono yote miwili kichwani na kumwombea kwa muda mrefu, kwa sauti ndogo, macho amefumba. Bultu, mimi dada yako mkubwa sijawahi kuwekewa mikono miwili. Ile ni yako, mtoto wa mwisho.

Baadaye ndipo ukapiga simu ya video. "Mama, umepata boksi? Haya, nakugusa miguu kutoka huku! Nipe baraka zangu." Na mkono wako ukaja kwenye kioo, vidole vinene kama ndizi. Mama akakujibu, "Baraka ya leo imeshachukuliwa, baba. Ameichukua aliyeinama."

Na wewe ukacheka! Ukauliza kama chokoleti ilikuwa tamu. Hukuona Mama alivyonirudishia simu? Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mkono wa kwenye kioo haugusi miguu ya mtu. Usiniambie tena habari za likizo kunyimwa, picha zenu za Goa tumeziona, na wewe na miwani yako ya jua umelala mchangani kama samaki anayeanikwa.

Hilo boksi nalo limetuletea balaa lake. Haradhan, fundi wa vitamu pale njia panda, ambaye baba yake ndiye aliyekaanga sarbhaja, vile vitamu vya malai, za harusi ya Baba, ameuona utepe wa dhahabu kwenye jaa letu. Tangu hapo haniitikii salamu. Juzi nilipokwenda kununua aliniambia mbele ya wateja, "Nenda kaagize Pune, mke wa mwalimu. Sisi huku tunauza maziwa tu." Watu wakacheka. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, nikafunua mfuniko wa boksi lako kwa hasira. Sandesh zina chokoleti na embe, zimepangwa kama betri za redio. Sisimizi wa nyumba hii, unaowajua kwa ulafi, wamezipita.

Kosa langu moja, nilimgombeza Mama. Nilimwambia, wewe nawe, kwa nini umpe mpita njia baraka za mwanao? Ulimwombea nini muda wote ule? Alikuwa anasugua sahani ya shaba kwa ndimu, hakuinua hata kichwa. Akasema, "Nilimwombea afike kwao kabla mama yake hajalala."

Nikachukua kitambaa, nikaikausha sahani. Wewe kama una jibu, mletee mwenyewe. Mlango wa baraka za Bijoya haufungwi mpaka sikukuu ya Kali Puja, tarehe ishirini, hilo huhitaji kukumbushwa na mimi.

Msalimie Paromita, mwambie sina ugomvi naye. Shemeji yako anakusalimu kati ya kikohozi na kikohozi. Bimal na kaka yake wanakusalimu, wanakwenda sokoni pamoja siku hizi. Mama hakuniagiza salamu zozote, ila jana amenunua nazi nyingine na hasemi ni za nani.

Ningekuwa mtu mwingine, hapa ningemalizia kwa kukuombea baraka kama barua zote zinavyomalizia. Sikuombei. Kwa barua hazitumwi, kwa boksi hazitumwi. Njoo uiname.

Dada yako akupendaye, na ndiyo maana amekasirika,

Mitali