Nilivyomnyoa Kidoti

Jumanne, Kitale. Jua kali tangu wiki jana.

Ati mimi sijui kazi! Mimi niliyeogesha ng'ombe wa kata nzima ya Bokoli dawa ya kupe.

Nilimnyoa Kidoti, kale kambwa ka manyoya marefu ka Senge, dada ya baba, kwa mashine ya kinyozi mpaka ngozi. Nikajigamba kwamba joto limeisha na kupe hawana pa kujificha. Leo mgongo umeungua na jua, na bado anajikuna.

"Wewe Wafula, umeninyolea mbwa akabaki kama kuku wa Krismasi!" Senge akasema. "Na masikio uliangalia?"

Sikuwa nimeangalia. Ng'ombe mimi huanza chini ya mkia, bana. Kumbe kupe walijaa masikioni na katikati ya vidole, wamenona kama maharagwe.

Nimewatoa kwa kibano, mmoja mmoja. Lakini fizi zake ni nyeupe kama hana damu, na ndama wakiwa hivyo huwa...

Kesho asubuhi tunampeleka kwa daktari wa mifugo. Senge ameacha kunigombeza, na hiyo ndiyo inaniuma.

Kidoti anatetemeka. Nimemfunika na jezi yangu, ile sijawahi kumwazima mtu.