Siku Aliyonishukuru

Shemeji yangu,

Cherehani ya dada yako nimeifunika, na wateja wake nimewaomba wavute subira. Ule mshipa uliopasuka kichwani walishauziba, nasi tukadhani tumevuka. Lakini daktari alituonya: siku chache baadaye mishipa ya ubongo huweza kusinyaa, damu isipite vizuri.

Unamjua dada yako. Miaka ishirini hajawahi kunywa chai yangu bila kuikosoa. Siku ya saba nilimnywesha, akasema kwa upole, "Asante sana, kaka." Nesi akatabasamu. Mimi nilitoka mbio kumwita daktari. Kweli, mishipa ilikuwa imebana. Wakampa dawa, wakampandisha presha makusudi ili damu ipenye.

Mkono wa kushoto bado mzito. Mama usimwambie kwanza.

Leo asubuhi amenitazama weee, kisha akasema, "Umetoka nyumbani na vifungo vimepishana hivyo? Watu watasema huna mke."

Shemeji, sijavirekebisha. Nimezunguka navyo wodi nzima, kila mtu avione.

Ni mimi shemeji yako, nisiyejua kupika chai.