Shemeji Kasimamishwa kwa Tiki Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana nimefika mahali siwezi hata kumtazama mume wangu tukiwa mezani. Kazi yangu ni kuchora ramani za kukisia gesi asilia imejikusanya wapi chini ya ardhi, kwenye mwamba wa mchanga uliobana, ule ambao vitundu vyake ni vidogo mno hata gesi haipiti kwa urahisi, kwa hiyo tunatafuta zile sehemu chache zilizolegea ndipo tuchimbe, na vipande vya mwamba vinapimwa maabara na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye kazi hiyo nilimtafutia mimi. Sasa kwenye fomu ya vipimo kuna viboksi viwili, kimoja cha kupima kipande kikiwa kimebanwa kama kinavyobanwa huko chini, wiki tatu, na kingine cha kukipima hivi hivi mezani, siku mbili, na bosi alitaka ramani Jumatatu, nikaweka tiki kwenye cha siku mbili. Shemeji aliniambia, "Shemeji, jiwe likitolewa chini hulegea, hili litakudanganya," nikamjibu afanye alichoandikiwa. Ramani ikapendeza, tukachimba, tukakuta mwamba umebana kabisa na gesi hakuna.

Bosi akauliza kosa la nani, nikasema vipimo vya maabara vilikuwa na kasoro, sikudanganya, vilikuwa nayo kweli, lakini shemeji kasimamishwa kazi na kikao chake ni Alhamisi, na fomu yenye sahihi yangu iko kwenye droo yangu pamoja na nakala aliyokuwa nayo shemeji, ambayo nilimwomba akanipa bila kuuliza. Hajanitaja kwa mtu. Mama mkwe ananipigia simu, "Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma, mtetee mdogo wako." Nami nimependekezwa kuwa mkuu wa kitengo. Nikisema nimekwisha, nikinyamaza yeye bado kijana, atapata kazi nyingine. Nifanyeje?

Mchora Ramani

Mchora Ramani, pole, maana naona umebanwa, ingawa aliyekubana ni wewe mwenyewe. Kulipua kazi kwa kumwogopa bosi ni kosa la kibinadamu, ningekutetea. Kuichukua nakala ya mwenzio ukaifungia kwenye droo si haraka tena, dada yangu, ni wizi. Na hiyo kazi nyingine atapewa na nani? Maabara gani itamwajiri mtu aliyefukuzwa kwa vipimo vibovu?

Barua yako ilinifikia Jumanne, haina jina wala namba. Simu yangu iko juu ya safu hii kila wiki, hukupiga. Umeandikia gazeti linalotoka Jumamosi kuhusu kikao cha Alhamisi. Hukutaka ushauri, ulitaka uchelewe.

Haya, umechelewa. Jumatatu asubuhi mpelekee mwenyekiti wa kikao fomu zote mbili, na uandike kwa mkono wako nani aliweka tiki na nani alikuonya. Cheo kitakwenda, kiache kiende. Lakini leo hii mwambie mumeo, kisha nendeni wote wawili kwa mdogo wake, mkamkute peke yake. Usimwombe msamaha mbele ya mama yake, maana atalazimika kukupa.