Picha ya Wifi Haitishi Ikipunguzwa

Shangazi wa ukurasa wa Jumamosi, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, nina miaka kumi na sita, naishi kwa kaka yangu na mke wake, na nimeamua kukuandikia wewe kwa sababu jambo lililonikaba siwezi kulisema ndani ya nyumba hii bila mtu mmoja kuumia, na mtu huyo ndiye aliyenilea vizuri kuliko wote.

Kaka anatengeneza mchezo wa kompyuta wa kutisha. Ameutengeneza peke yake kwa miaka minne, kwenye meza ileile tunayolia chakula, na unaitwa Nani Kafunga. Unakuwa msichana aliyerudi kwenye nyumba tupu kuchukua vitu vyake, unafungua mlango, unapita, ukigeuka unaukuta umefungwa, na anayefunga humwoni mpaka chumba cha mwisho. Mimi najua kila kitu kilichomo na bado naacha mlango wa bafuni wazi nikipiga mswaki. Utaanza kuuzwa kwenye duka la mtandaoni baada ya siku kumi na mbili, na kaka amesema usipopata wachezaji hatatengeneza mwingine tena maishani. Angesema kwa hasira ningejua zitaisha, lakini alisema kwa upole huku akikunja nguo, ndiyo maana namwamini.

Wifi yangu ni mchoraji wa mabango ya maduka. Likizo nyingi nimemshikia ngazi: akichora herufi mbili anashuka, anavuka barabara, anaangalia akiwa upande wa pili, anarudi na kufuta moja. Kushika brashi amenifundisha yeye. Miezi mitatu iliyopita kaka alimwambia, "Mke wangu, nichoree picha ya kutisha, iwe jalada la mchezo," naye kila jioni akitoka kazini alichora kwenye ubao mkubwa kama mlango. Picha ni nzuri, Shangazi, sisemi uongo. Ina nyumba, mwezi, kunguru saba, msichana na taa yake, mikono inayotoka ukutani, na yule anayefunga milango, meno yote nje, na jina la mchezo kwa herufi nyembamba zinazochuruzika. Tuliisimamisha sebuleni, tukarudi nyuma mpaka migongo ikagusa ukuta, kaka akasema, "Hapa mtu atalala na viatu," tukapiga makofi. Kisha tukaipiga picha, na mimi nikaipandisha dukani, maana ukurasa wa mchezo ni kazi yangu.

Lakini dukani hakuna anayeiona ikiwa kubwa kama mlango. Inakaa kwenye safu pamoja na picha za michezo mingine, kila moja kama stempu, na mtu anazipitia haraka kwa kidole. Hapo ya wifi inakuwa doa la kahawia. Nilidhani ni macho yangu, kwa hiyo niliipeleka kwenye klabu ya kompyuta shuleni, nikaichanganya na nyingine kumi na moja, nikawaambia wenzangu wahesabu mpaka tatu kisha wanyooshe kidole kwenye ile inayotisha. Walikuwa kumi na wanne, na hakuna hata mmoja aliyeigusa.

Nikauliza, "Na hii je?"

"Hiyo si ya mapishi?" akasema mmoja. "Naona sufuria imeungua."

"Acha uongo wewe, hilo ni zulia," akasema mwingine, na darasa zima likacheka, nami nikacheka nao, na mpaka leo kicheko hicho kinaniwasha.

Basi nikachora yangu kwa siri. Ni mlango mmoja tu unaokaribia kufungwa, mwanga wa njano ukitoka kwenye upenyo, na vidole vinne vimeshika ukingo, kimoja kirefu kupita kiasi, na jina la mchezo juu ya ule mwanga. Tisa kati ya wale kumi na wanne waliinyooshea kidole. Ijumaa nikaiweka dukani mahali pa ile ya wifi bila kumwambia mtu yeyote, nikajiambia ni jaribio tu, na Jumapili jioni nikairudisha ya zamani. Kabla ya hapo, kwa wiki tatu nzima, watu arobaini na mmoja ndio walikuwa wameuweka mchezo kwenye orodha zao za kusubiri. Kwa siku zile tatu waliongezeka sitini na saba.

Jumatatu kaka akaona namba zile kwenye kompyuta yake. Hakujua habari ya kubadilisha picha, maana yeye hufungua ukurasa wa namba tu. Akatoka mbio akiwa peku, akamshika wifi mikono yote miwili, akasema, "Mke wangu, picha yako imeanza kuvuta watu!" Wifi alikaa chini kwenye kiti akafunika uso kwa kanga, akasema, "Mimi nilidhani ninyi mnanipa moyo tu," akalia, na mimi nilikuwa nimesimama palepale na sahani mkononi, na sikusema kitu.

Sasa picha ya wifi imerudi na namba zimelala tena, na kaka anajiuliza kakosea wapi. Nikinyamaza, kazi yake ya miaka minne itapitwa na vidole vya watu. Nikisema, nitakuwa nimempokonya wifi furaha ambayo nilimwacha aishike. Nifanye nini, Shangazi? Naambatanisha picha zote mbili, ukubwa wa stempu.

Ni mimi,
Mshika Ngazi

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimezikata stempu zako mbili nikazibandika kwenye kabati la ofisi. Mwandishi wetu wa habari za bunge ameitazama ya wifi yako akaniuliza ni ramani ya wapi. Ya vidole, mhasibu ameigeuza iangalie ukuta, anasema hawezi kunywa chai mbele yake. Kwa hiyo jicho lako lina afya, usilitilie shaka.

Ila usijione bingwa mapema. Wenzako darasani si wanunuzi wa michezo hiyo, na siku tatu za mwisho wa wiki, watu wakiwa nyumbani, hazitoshi kuapia. Zinatosha kuanzisha mazungumzo, na mazungumzo ndiyo uliyoyakimbia. Kujaribu picha hakukuwa kosa. Kosa lako ni la Jumatatu, ulipomwacha mtu apokee pongezi zisizo zake na mwingine aongozwe na namba ambazo wewe tu ndiye unayejua zimetoka wapi. Kaka yako sasa anahangaika kutafuta kosa ambalo hakulifanya. Hilo ni baya kuliko picha mbovu, nawe unalijua, ndiyo maana umeniandikia kurasa nne.

Halafu nina ugomvi na wewe kuhusu wifi. Unamwandika kama mtu wa kioo. Mwanamke anayepanda ngazi barabarani huku wenye maduka wakimpigia kelele kutoka chini, akafuta kwa mkono wake herufi aliyoichora dakika tano zilizopita, huyo huwezi kumvunja kwa kumwambia picha haionekani kwa mbali. Hiyo ndiyo kazi yake! Ninyi ndio hamkumwambia picha itakaa wapi. Mlimwomba picha ya kutisha, akawachorea. Mlimpa sebule, akaijaza sebule. Angeambiwa tangu mwanzo kwamba hili ni bango dogo kuliko yote aliyowahi kuchora, na wapita njia hawasimami, kunguru saba wasingepata hata pa kutua.

Na kuna jambo ambalo ninyi watatu mmelipita: kaka yako anamficha mfunga milango mpaka chumba cha mwisho, na jalada linamwanika pale mlangoni, meno yote nje. Anayelitazama ameshamaliza hofu kabla hajaanza. Vidole vyako vinatisha kwa sababu mwenye vidole hayupo. Kwa hiyo ubao ule usitupwe wala usiingizwe uvunguni. Uwekwe mwishoni mwa mchezo, ujae kwenye skrini nzima, auone yule tu aliyefika chumba cha mwisho. Hapo una ukubwa wake, na hapo meno yana kazi.

Sasa sikiliza, na ufanye kesho, si wiki ijayo. Mtafute wifi akiwa peke yake, kabla ya kaka. Hajui kwamba kuna la kumwambia, na hastahili kulisikia mbele ya mtu mwingine. Fungua duka kwenye simu, kwenye ile safu ya picha nyingi, umpe mkononi, umwombe aitafute yake. Usimsaidie. Akishaitafuta, mwambie ulichokifanya Ijumaa na ulichokinyamazia Jumatatu, kwa mpangilio huohuo, bila kuanza na wenzako walivyocheka. La sufuria liache huko darasani. Kisha mwonyeshe ya kwako umwombe aisahihishe, na uwe tayari kusahihishwa kweli, kwa sababu herufi zako, mwanangu, ni nyembamba kama za kwake na zimekaa juu ya mwanga. Nimehitaji miwani kusoma neno Kafunga. Anayejua unene wa herufi katika nyumba hiyo si wewe.

Akikasirika, mwache akasirike. Usimkumbatie haraka ili akusamehe haraka. Akitaka siku moja ya kununa, mpe siku moja, bado mtabaki na kumi.

Baada ya hapo nendeni kwa kaka pamoja, na wewe ndiye useme. Mwambie jalada lililovuta watu lilikuwa jingine, mwambie ni nani aliyelibadilisha, na mwambie kosa analolitafuta halimo kwenye mchezo wake, lilikuwa kwenye jalada, nawe ulilijua ukamficha. Atafoka. Anayo haki. Lakini mtu aliyekuwa tayari kuacha kila kitu kwa upole, nadhani ukimpa sababu ya kufoka utamwona amerudi mezani kutengeneza.