Mkono Umefika Sikioni

Jumatatu, 8 Januari 1973
Minza kaandikishwa darasa la kwanza! Nafasi arobaini na tano, watoto wamejaa uwanja mzima. Mwalimu Justus anawapima: pitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, gusa sikio la kushoto. Asiyelifikia hajatimiza miaka saba, arudi kwao. Tumefanya mazoezi tangu Idi — vuta mwanangu, inamisha kichwa kidogo. Akagusa! Nikaulizwa umri. Saba, nikasema, bila kupepesa macho. Hata sita bado. Mungu anisamehe. Mimi nimejifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo cha jioni hapa mtaani Ng'ambo, baada ya jirani kunisomea talaka yangu mwenyewe. Minza asingoje hivyo.

Jumapili, 4 Februari 1973
Saidi katoka kijijini kwake Goweko, kaleta asali. Mtu aliyeniacha, kaja na asali! Mkewe kajifungua, tumbaku imeiva, hakuna wa kubeba mtoto. Anamtaka bintiye. Nikamwambia kisomoni tumefundishwa Sheria mpya ya Ndoa: mtoto chini ya miaka saba akae na mama. Akacheka. Kwani darasa la kwanza wanaingia wa miaka mingapi, mama Minza? Njia ya mwongo fupi, nilijua, ila si fupi hivi. Nikamwongezea chai. Chai!

Jumatano, 14 Februari 1973
Barua. Mahakama ya Mwanzo, tarehe 12 Machi. Nimeisoma mwenyewe mara tatu. Barua yangu ya kwanza maishani, na ndiyo hii.

Ijumaa, 23 Februari 1973
Nimekwenda kwa Bi Getruda, mwalimu wetu wa kisomo. Anauliza ushahidi wa kuzaliwa. Upi? Nilijifungulia shambani Goweko, mwaka wa Azimio, sitini na saba, mwezi wa tatu. Mkunga keshakufa. Ningejua kuandika ningeandika tarehe hata ukutani, kwa mkaa. Sasa naandika kila kitu, hata mvua ikinyesha, na hakuna linalonisaidia. Kasema nikasahihishe umri shuleni.

Jumatatu, 26 Februari 1973
Mwalimu Justus si mtu mbaya. Atasahihisha. Ila akiandika sita, jina linafutwa na nafasi anapewa mwingine. Wazazi waliokosa nafasi wanamfuata hadi nyumbani kwake. Kasema nichague. Nikisema kweli, mtoto hana shule. Nikishikilia uongo, anakwenda kwa baba yake, na huko pia hana shule, ana mtoto wa watu mgongoni. Nimetoka bila kuaga. Jioni Minza ananisomea a, e, i, o, u. Nimetwanga karanga huku nalia. Nikamwambia ni vumbi la karanga.

Jumapili, 11 Machi 1973
Nitasema kweli. Shule atarudi mwakani, akiwa na mimi. Sijamwambia. Kafua sare yake mwenyewe, kaianika mbele ya mlango ili wapita njia waione.

Jumatatu, 12 Machi 1973
Niko kwenye benchi nje ya mahakama. Hakimu anashauriana na wazee wake. Nimesema yote. Hakimu mpole, hakunifokea. Ila kauliza: ulimdanganya mwalimu, nitajuaje hunidanganyi na mimi? Mzee mmoja wa mahakama akasema, mbona kipimo kipo? Wakamwita Minza mbele. Gusa sikio, mjukuu wangu.

Nilitaka kupiga kelele — usiguse! Akanitazama. Akainamisha kichwa kidogo, kama nilivyomfundisha, akavuta. Akalishika sikio lote. Akacheka, akingoja nimsifu.

Hapa kakaa kati yangu na Saidi. Saidi anammenyea muwa, haniangalii. Minza ananivuta kanga: mama, nimepata? Karani kafungua mlango, anatuita.