Chokaa ya Bibi

Jumamosi, Nandagala. Mawingu tangu asubuhi, mvua hakuna, nami nimejikasirikia. Sijazoea kukosea.

Wiki hii ninapita nyumba kwa nyumba kuwaomba wazee damu kidogo. Maabarani tunachunguza chembe zinazoulinda mwili. Kalsiamu ikiingia ndani ya chembe hizo zinaamka, ikitolewa zinatulia. Uzeeni mpango huo unalegea, na tunataka kujua kama ndio unaochangia usahaulifu wa wazee kama bibi yangu, ambaye siku hizi ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Naiamini kazi hii, na ninaiweza.

Sasa kosa lenyewe. Mficha uchi hazai.

Juzi nilimweleza mama mdogo kazi hii, ndiye anayemtunza bibi. Shuleni tulifundishwa kwamba kalsiamu ni madini ya chokaa, basi nikamwambia chokaa ya bibi haiendi vizuri kwenye chembe zake. Nikajisifu moyoni kwa kutumia Kiswahili chepesi.

Leo naingia jikoni, namkuta mama mdogo ameshakoroga chokaa kwenye kikombe. Chokaa ya kupaka nyumba, kainunua sokoni Ruangwa. Bibi amekishika kikombe, anakipeleka mdomoni.

Kitu kile kinaunguza koo.

Kabla sijasema neno, bibi alinusa, akakiweka chini taratibu.

"Hii ya ukutani," alimwambia mwanawe. "Mnataka kunipaka?"

Mama mdogo alilia. Alidhani anamtibu mama yake, na maneno ya kumpoteza nilimpa mimi, msomi wa ukoo. Nilimwomba radhi palepale, nikaenda kumwaga kile kikombe mbali na nyumba.

Jioni nimelifuta neno chokaa kwenye karatasi ya maelezo. Nimeandika kalsiamu, na chini yake: hakuna dawa ya kunywa, tunaomba damu tu. Keshokutwa nitaanza upya nyumba zote nilizopita, na wataniamini, maana nitawaambia nilivyokosea.

Wa kwanza kusomewa karatasi hiyo alikuwa bibi, mama mdogo akiwa pembeni. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama damu hiyo ikishapimwa yeye atapona. Nilitamani kudanganya. Nikamwambia hapana, bibi, labda itawafaa wajukuu zako watakapozeeka.

Bibi akapandisha kanga begani, akaninyooshea mkono nimtoe damu.